Injini ya Shamba la Bundi

Jumamosi, 3 Machi 2018

Wameketi sebuleni kwangu asubuhi nzima wakipanga mambo kana kwamba nimeshazikwa. Mlango wa chumba changu uko wazi. Miguu yangu ndiyo imekwisha, si masikio! "Mami akishatoka tutaona," anasema Kinyua. Akishatoka — kana kwamba naenda sokoni Manyatta kununua vitunguu.

Kinyua ni mwanangu mkubwa, ndiye niliyebaki naye. Mdogo wake, Bundi, tulimzika mwaka juzi. Shamba la Bundi, lile la chini hadi mtoni, linalimwa na mjane wake Makandi, peke yake, kwa jembe, na sasa bega lake la kulia limekataa. Kinyua ameshatoa hukumu: mvua hizi zikipita kabla halijapandwa, analikodisha kwa mtu wa makadamia. "Ardhi haiwezi kukaa bure, Mami." Na huyo wa makadamia akishapanda miti yake, nani atamtoa? Makandi atarudi kwao Mikinduri na watoto na sufuria. Kila mtu sebuleni analijua hilo. Hakuna anayelisema.

Ndipo ikaja habari ya trekta ndogo, ile ambayo mtu hutembea nyuma yake akishika mikono miwili kama ya wilbaro. Salesio, mwenye duka la mashine mjini Embu, ameketi nao, na yuko tayari kutuachia moja tuijaribu. Swali ni injini gani. Kinyua anataka petroli: nyepesi, unavuta kamba, imewaka. Nikasema kutoka kitandani: dizeli. Akacheka. Mbele ya muuza duka! "Mami, hiyo ni fizikia ya zamani."

Fizikia ya zamani! Nimefundisha fizikia katika shule ya Kaaga mpaka nywele zikanigeuka. Hewa ikibanwa inapata joto. Ilikuwa hivyo kabla Kinyua hajazaliwa na itakuwa hivyo nikishatoka.

Nikainuka. Sijui nguvu zilitoka wapi. Nikashika mwimo wa mlango, nikasema kwa Kiembu, polepole: atakayewasha injini ya petroli katika shamba la Bundi, asile zao lake. Kifua kilinibana, nikakishika. Kisha nikarudi kulala.

Salesio akaweka kikombe chini. Ikaamuliwa dizeli.


Jumapili, 4 Machi

Wote wameenda kanisani. Nimeachiwa chai kwenye chupa. Naandika haya ili nisipige ukuta.

Dizeli. Haina plagi, haina cheche. Pistoni inaibana hewa mpaka inakuwa moto wa kuchoma mafuta yenyewe. Inapiga taratibu, tu-tu-tu, lakini kila pigo lina uzito. Haihitaji kukimbia ili iwe na nguvu. Kwa udongo wetu mwekundu, ukishalowa unashika jembe kama ugali mwikoni, hiyo ndiyo nguvu inayotakiwa. Inakunywa kidogo. Inapozwa na maji, unamimina tu juu kama unajaza birika. Inaishi miaka.

Petroli. Inapozwa na hewa. Nyepesi, ndiyo. Lakini lazima izunguke mbio ndipo ifanye kazi, na inapiga kelele kama mbuzi aliyekwama. Tena kwa nyingi za bei ya chini oili haisukumwi na pampu. Kuna kijiko kidogo chini kinachorusha oili huku na huku. Mashine ikiinama sana, kijiko kinachota hewa tupu na injini inajila yenyewe. Na hapa kwetu Kanja ni mteremko! Mtoto wa kidato cha pili angeliona hilo.

Salesio alitaja na ya betri. Ya betri! Hapa ambapo stima ikikatika tunaisahau mpaka tunashangaa taa kuwaka.

Nina haki. Nimesoma maandishi yangu mara mbili na nina haki. Basi kwa nini Makandi aliponiachia hiyo chai hakunitazama usoni?


Jumatano, 7 Machi

Nitaandika jinsi ilivyokuwa.

Salesio alileta dizeli kwa pikapu. Wanaume wanne walihangaika kuishusha. Nilibebwa na kiti mpaka ukingo wa shamba, blanketi magotini, kama mgeni rasmi. Salesio alikuwa na furaha. "Cucu, hii ni ndovu! Umechagua kama fundi." Mimi si nyanya yake, lakini nilitabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Inawashwa kwa hendeli ya chuma. Unazungusha kwa nguvu zote, ikishika unaichomoa haraka kabla haijakurudia. Kinyua alisimama kando na simu akipiga picha. Nani alizungusha? Makandi. Kwa lile bega. Hakuna aliyemuuliza kama anaweza — hata mimi. Iliwaka, moshi mweusi ukapanda, watu wakashangilia. Akaingia nayo kwenye ngazi ya kwanza, zile ngazi alizochimba Bundi kuzuia udongo usiende mtoni. Ililima vizuri. Ililima vizuri sana! Udongo uligeuka laini, harufu ikanifikia kwenye kiti.

Kisha akafika mwisho wa ngazi na ilibidi ageuke.

Mashine ile haigeuki kwa kuombwa. Inageuzwa na mwili wa mtu. Makandi alibana klachi ya upande mmoja, akaegemea — na ndovu ikaegemea upande mwingine. Gurudumu lilipita ukingo. "Wacha!" Kinyua alipiga kelele. "Wachilia, Makandi!" Hakuachilia. Nilipaswa kujua hataachilia. Ni kitu cha watu, hawezi kukiacha kianguke. Ikamvuta, wakateremka wote, mashine kwanza na yeye juu yake, mpaka kwenye nyasi za nepia ngazi ya chini. Injini iliendelea kulia pale chini, tu-tu-tu, kama hakuna lililotokea.

Nilikuwa kwenye kiti. Blanketi magotini.


Alhamisi, 8 Machi

Hakuvunjika. Daktari anasema mbavu zimepata mshtuko, bega limezidi kuumia. Asiinue kitu kizito. Asiinue kitu kizito!

Nilipima injini. Sikumpima anayeishika.


Ijumaa, 9 Machi

Dizeli imerudishwa. Nikamwita Makandi chumbani, nikamwambia: sasa lete petroli. Ni nyepesi, utaigeuza kwa mkono mmoja. Kuhusu kijiko cha oili usijali, nilikuwa natafuta kushinda. Ngazi za Bundi ziko sawa kama meza, injini haitainama. Lima ukifuata ngazi, usikaribie ukingo, basi.

Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja.

"Siwezi, Mami."

"Kwa nini?"

"Ulisema."

"Nilisema kwa hasira!"

"Hasira ndiyo mbaya zaidi."

"Makandi. Wewe ni Mkristo."

"Hata wewe, Mami," akasema. "Na ulisema."

Nilitaka kumtupia kikombe. Nikamwuliza kama anaamini kweli kwamba maneno ya kikongwe yanaweza kukausha mahindi. Akasema yeye hajui mahindi. Yeye anajua kwamba neno la mzazi anayekaribia kufa lina jina hapa Embu na lina jina kwao Meru, na watu wanaogopa kirumi, laana hiyo ya mzazi, pande zote mbili za mto Thuci, na ana watoto, na watoto ndio watakaokula hilo zao. "Nikilima kwa hiyo kitu halafu mmoja apate homa, nitasema ni mbu?"

Nikampigia Kinyua. Digrii mbili, shemasi! Nilijua atacheka. Hakucheka. "Mimi binafsi siamini, Mami. Lakini ya nini kujaribu?" Halafu haraka, sauti laini kama siagi: "Labda ni Mungu anatuonyesha njia. Yule wa makadamia bado anangoja."

Ahaa.

Haamini. Inamfaa tu! Nimempa kamba ya kumfungia mjane wa ndugu yake, na nimeisokota mwenyewe.


Jumapili, 11 Machi

Mawingu yamekaa juu ya mlima Kirinyaga tangu jana. Majirani wameshaanza kupanda. Nawasikia wakiitana huku na huku, Rwamba wa pale juu anawachekesha wote. Shamba la Bundi limebaki vile vile, ngazi moja imelimwa, nyingine zote magugu.

Pasta alikuja kunipa meza ya Bwana. Akauliza kama kuna kitu kinanilemea moyoni. Nikasema hapana, nimekuwa mkali kidogo kwa watoto. Akacheka, akasema walimu ndivyo walivyo. Nikameza mkate.

Sasa niandike, kwa kuwa mkono bado unakubali.

Nimewaambia wote ilikuwa hasira. Nimewaambia kifua kilinibana. Hata humu niliandika hivyo, humu ambamo simdanganyi mtu. Hakikunibana. Nilishika titi. Nililishika kwa kukusudia, lile la kushoto, kama nilivyomwona nyanya yangu akilishika nikiwa mtoto, siku aliyomlaani mjomba wangu kwa kuuza ng'ombe. Mama akisema akiwa ameshika titi alilonyonyeshea, hasemi maneno tu. Kila mwanamke wa hapa anajua. Salesio alijua, ndiyo sababu aliweka kikombe chini. Makandi alijua.

Nami nilijua. Nilichagua Kiembu na kuacha Kiswahili, nikasimama na kuacha kukaa. Nilichagua maneno kama mtu anayechagua mawe. Miaka yote niliwaambia wanafunzi kwamba duniani hakuna nguvu isiyo na chanzo chake, kwamba laana hizi ni hofu za giza. Lakini mwanangu aliponicheka mbele ya muuza duka, sikutafuta kalamu wala hesabu. Nilitafuta kitu cha kumwumiza. Nilikipata chap chap, kana kwamba hakikuwahi kwenda popote.

Na baya kuliko yote: nilipoona nyuso zao, nilifurahi. Sijawahi kusikilizwa hivyo darasani. Injini ilikuwa jambo dogo. Nilitaka waogope.

Sikumlenga Makandi. Hilo ni kweli. Lakini nani angewasha? Kinyua? Kinyua hajawahi hata kuwasha jiko.


Jumatatu, 12 Machi

Ngari alikuja. Ni rika la marehemu mume wangu, jirani tangu tuhamie, meno mawili na ulimi mrefu. Makandi ndiye aliyemwita. Nyuma ya mgongo wangu!

Akaketi, akavua kofia. "Mwalimu, nasikia umewekea petroli kiapo. Na mimi nina pikipiki, nianze kusukuma?"

"Sema lililokuleta, Ngari."

Akasema si jambo gumu. Aliyefunga ndiye anayefungua, na afungue kabla hajaondoka, kwa sababu akishaondoka hakuna mwingine. Nikae nje mchana, watu waone. Niseme kwa mdomo huu huu kwamba nililisema na ninaliondoa. Kisha nionje asali, niteme mate kidogo kwenye viganja vya Makandi, kama wazee wanavyobariki.

Nikamwambia kwamba nimekuwa mzee wa kanisa tangu yeye akiwa bado mlevi.

"Hiyo ni kweli," akasema. "Na mimi nikiwa mlevi sikuwahi kushika titi."

Nikamfukuza. Nilitumia neno ambalo sitaliandika. Akavaa kofia yake polepole, akaomba chai ya kuondokea, akanywa yote.

Nimekasirika mpaka sasa. Nikikubali kufungua, nimekubali kwamba nilifunga — mbele ya watu, mbele ya pasta, mbele ya Kinyua! Watasema Mwalimu wa Kaaga alikuwa mchawi kama wengine. Na nikikataa, ninakufa nikiwa msomi safi na Makandi anapanda gari la Mikinduri.

Kwa nini sikuacha tu wanunue petroli!


Jumanne, 13 Machi

Nimeamka nikasikia jembe. Pigo moja, kimya. Pigo moja, kimya. Nikajivuta mpaka dirishani. Makandi yuko ngazi ya pili, mkono wa kulia umefungwa kifuani kwa leso, analima kwa wa kushoto. Amelima mahali pa kutosha kuzika kuku.

Nikapiga kioo. Akaja dirishani, jasho limejaa usoni.

"Unataka kufa?" nikamwuliza.

"Si unasema nisiwashe petroli, Mami? Jembe halina petroli."

Ananidhihaki! Miaka yote hii sikujua ana ulimi. Nikamwambia amwite Ngari.


Alhamisi, 15 Machi

Nimefanya.

Walinitoa na kiti. Ngari, Rwamba wa pale juu na wajukuu wake, wanawake wa kikundi, watu ambao hawana shughuli. Kinyua alifika kutoka mjini, amevaa tai, akasimama mbali kidogo ili Mungu asimchanganye na sisi. Pasta nilimtumia ujumbe nikamweleza kila kitu. Hakujibu. Hakuja.

Nikasema. Nilifikiri nitasema harakaharaka kama dawa chungu, lakini Ngari alinikatiza: "Hatukusikia, Mwalimu." Alisikia! Nikarudia. Kwamba nililisema neno, na halikuniponyoka. Kwamba nilishika titi nikijua ninachokishika. Kwamba ninaliondoa, na zao la shamba la Bundi liliwe na aliyelima na watoto wake. Mwanamke mmoja akaanza kulia. Nilimchukia.

Asali nilionja. Mate hayakuja. Mdomo wangu siku hizi ni mkavu kama chaki, dawa za presha. Makandi amepiga magoti, viganja viwili wazi mbele yangu, na mimi nasukasuka ulimi mdomoni kama mtoto! Mtu akacheka. Ngari akaninong'oneza ninywe maji. Nikanywa, nikatema — ilikuwa maji zaidi kuliko mate. Makandi alivitazama viganja vyake kwa muda mrefu. Sijui alikuwa anatafuta nini.

"Yametosha?" akamwuliza Ngari. Si mimi. Ngari!

Ngari akasema yametosha. Lakini alikawia kusema.

Kinyua alinisaidia kurudi ndani. Akanitandikia mto vizuri kabisa. "Umejitahidi, Mami. Basi tuone Jumamosi petroli ikija. Kama haitawezekana, hatutamlaumu mtu." Alikuwa ananibembeleza. Nilimlea mtoto huyu kwa uji wa wimbi na vitabu, na amekua mtu wa kubembeleza.


Jumamosi, 17 Machi

Mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika. Kesho itakuwa ya kweli, na baada ya hapo udongo utakuwa tope. Ni leo.

Petroli imefika. Nyekundu, ndogo, wawili waliibeba wakicheka. Wameiweka chini ya dirisha langu, kwenye sehemu tambarare kabla ya ngazi ya kwanza, karibu kiasi kwamba nasoma maandishi kwenye tangi. Nimeegemea mito. Naandika nikitazama.

Watu wengi kuliko Alhamisi. Wamejipanga kwenye ua, hakuna aliyekaribia. Hata Salesio aliyeileta amesimama nyuma ya pikapu yake mwenyewe! Anamwelekeza Makandi kwa sauti kutoka huko. Washa swichi. Vuta kamba. Kinyua yuko langoni na simu sikioni. Anaongea na nani? Najua anaongea na nani.

Makandi amevaa buti za Bundi. Mkono wa kushoto. Amepaka kiganja mafuta au ameomba, sikuona vizuri. Anavuta.

Haijawaka.

Anavuta tena. Injini inakohoa, inanyamaza. Mtu kwenye ua amesema kitu na mwingine amemnyamazisha.

Tena. Hakuna kitu. Hata kukohoa hakuna.

Ngari amevua kofia. Mbona avue kofia! Rwamba amewavuta wajukuu wake nyuma. Salesio anapiga kelele kwamba hii ni mpya, haijawahi kukataa, dukani iliwaka vizuri. Anajitetea yeye! Hakuna anayemsikiliza. Makandi amesimama, kamba mkononi, anaiangalia mashine kama mtu anayeuona utabiri ukitimia.

Ni koki! Naiona kutoka hapa. Kile kijiti cheusi chini ya tangi kimelala upande wa kufunga. Walikifunga ili petroli isimwagike njiani kwenye pikapu, na Salesio kwa uoga wake amesahau kumwambia akifungue. Ilikohoa na ile iliyobaki kwenye kabureta, ikaisha. Ni hivyo tu! Hakuna kingine. Kidole kimoja!

Nimeita. Sauti haitoki. Inatoka pumzi. Nimeita tena, Makandi, koki — hakuna aliyegeuka. Kinyua amemaliza simu, anakuja polepole, uso wa msibani. Ameshapanga atakachosema.

Nimepiga kioo kwa kalamu. Wamesikia.

Wote wamegeuka kunitazama. Ua mzima. Nimeinua mkono kumwonyesha Makandi, pale, chini ya tangi, pale — na mwingine nimejishika kifuani, upande wa kushoto, maana kukaa hivi bila kuegemea siwezi —

Ameachia kamba.

Anarudi nyuma. Haangalii ninapoonyesha. Anaangalia ule mkono mwingine.